Mbu wa Taveta hangoji ulale
Afya ya Nyumbani, sehemu ya tatu

Sehemu iliyopita ilihusu maji ya kunywa. Leo tutoke nje, kwenye maji ya mfereji, ya nyayo za ng'ombe na ya ukingoni mwa shamba la ndizi. Kaunti yetu ni kavu, lakini Taveta imejaliwa. Mto Lumi unateremka kutoka Kilimanjaro hadi Ziwa Jipe, chemchemi za Njoro Kubwa zinajaza mifereji, na ndizi zinapakiwa kwenye malori kila siku ya soko. Mbu naye amejaliwa papo hapo.

Waliokuwa watoto hapa miaka ya hamsini huenda wanawakumbuka watu wa bomba la dawa. Mradi wa malaria wa Pare-Taveta ulianza mwaka 1954, ukiongozwa na taasisi ya utafiti ya Amani, huko Usambara. Baada ya kuwapima watu, nyumba za pande zote mbili za mpaka zilipuliziwa dieldrin hadi 1959. Mbu akishashiba damu huwa mzito, hutua ukutani apumzike, na ukuta ulikuwa umeshapakwa sumu. Anopheles funestus, ambaye makao yake ni ndani ya nyumba, alitoweka eneo zima. Malaria ikashuka sana na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Mwenzake, Anopheles gambiae, alipungua tu, hakuisha. Upuliziaji uliposimama alirudi kwa kasi, na malaria ikamfuata taratibu.

Kwa nini huyu alinusurika? Miaka ya sitini wataalamu walithibitisha kwamba gambiae si mbu mmoja, ni jamii ya mbu wanaofanana kama mapacha. Mmoja wao, arabiensis, hunywa damu ya ng'ombe kama anavyokunywa ya mtu, huuma ndani na nje, na si lazima atue ukutani. Utafiti uliofanyika hapa hapa Taveta na kuchapishwa mwaka 2013 ulimkuta akieneza malaria ndani na nje ya nyumba, akisaidiwa na coustani, mbu ambaye zamani alihesabiwa kuwa wa mifugo tu. Nadhani matokeo hayo yangestahili kubandikwa kila zahanati ya huku, kwa sababu yanatuambia kwamba chandarua, pamoja na umuhimu wake wote, kinafika kazini kwa kuchelewa. Jua linazama, chakula kinaliwa uani, mazungumzo yananoga, na mbu keshakula kabla hujapanda kitandani.

Basi tuanzie miguuni. Mbu wengi wa jamii hii huruka chini chini, na watafiti wa Afrika Kusini waliona kuwa mtu aliyeketi nje huumwa zaidi vifundoni na nyayoni. Soksi nzito, au leso inayofunika hadi chini, inazuia sehemu kubwa ya uharibifu huo. Ukiwa na mafuta ya kufukuza mbu, yapake miguuni kwanza. Mwenye zamu ya maji ya mfereji usiku avae gambuti na suruali ndefu. Miguu yake itamshukuru kwenye baridi ya alfajiri.

Chandarua kibaki. Kipya kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumiwa. Kikichafuka kioshwe kwa sabuni ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha, kisha kikaushwe kivulini, maana jua hula dawa iliyomo. Kichomekewe chini ya godoro pande zote, na tundu lishonwe siku hiyo hiyo. Nimeona vyandarua vizuri kabisa vikizungushiwa vitalu vya mboga. Miche inapendeza, ndiyo, lakini watoto wanalala wazi.

Kuhusu mazalio, tusibabaike na makopo peke yake. Hayo ni ya mbu wa dengue zaidi. Mbu wa malaria hupenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua: kidimbwi cha mfereji unaovuja, shimo la udongo wa tofali, alama za kwato. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua wiki moja hadi mbili. Wanaogawana mfereji wakikubaliana kuziba mivujo na kukausha vidimbwi kila wiki, kizazi kizima kinafia njiani. Mwenye shamba mmoja akifanya peke yake atafaidika kidogo, jirani yake akiwa bado anafuga mbu.

Homa ikija, pima kwanza. Si kila homa ni malaria, na kumeza dawa ya malaria kwa homa ya mapafu kunampotezea mtoto muda ambao hana. Kipimo kikionyesha malaria, dawa mseto ni ya siku tatu, imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uipokee. Wengi huacha siku ya pili wakijisikia wazima na kumwekea ndugu vidonge vilivyobaki. Wote wawili hawatapona sawasawa. Mtoto akidegedeka, akitapika kila kitu au akilegea asiweze kunyonya, usingoje pakuche. Tafuta bodaboda umfikishe hospitali usiku huo huo.