Tofauti za Kimaumbile Ndani ya Pua na Dalili za Sainasi: Ufafanuzi kwa Muktadha wa Isevya, Tabora

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya tofauti za kimaumbile ndani ya pua na dalili za ugonjwa sugu wa sainasi. Hoja kuu ni kwamba tofauti hizo, zinapoonekana peke yake katika picha, si ugonjwa wala si sababu tosha ya upasuaji.

1.0 Utangulizi

Isevya ni kata ya Manispaa ya Tabora, mji uliokua kutokana na njia ya misafara iliyounganisha pwani na Ujiji. Mvua za eneo hilo hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayosalia ni ya ukavu na vumbi.

Historia ya mji huu inatoa mfano unaofaa. Mwaka 1858 John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyekuwa amepiga kambi Kaze, yaani Tabora ya leo, kabla ya kuendelea magharibi, aliingiwa na mdudu sikioni akiwa Ziwa Tanganyika. Sikio likatunga usaha. Baadaye kila alipopenga kamasi lilipiga mluzi, naye akaeleza kuwa tundu lilikuwa limetoboka kati ya sikio na pua. Kwa ujuzi wa leo, njia hiyo anayo kila binadamu: ni mrija unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya pua. Yaelekea kilichotoboka ni kiwambo cha sikio. Hivyo umbile la kawaida lilibebeshwa lawama ya ugonjwa. Kosa la namna hiyo linaweza kutokea pia katika usomaji wa picha za sainasi.

2.0 Muundo na Utendaji

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso na fuvu. Zipo jozi nne: za mashavuni, za paji la uso, za kati ya macho na za nyuma kabisa ya pua. Vinyweleo vidogo vya utando ute husukuma ute kuelekea tundu la asili la kila chumba. Messerklinger, mtaalamu wa Graz nchini Austria, alionesha kuwa ute hufuata njia hiyo hata tundu jingine likitobolewa. Sainasi za mashavuni, za paji la uso na za mbele kati ya macho hutoa ute wake katika eneo moja jembamba lililo chini ya konka ya kati. Utando ukivimba hapo, vyumba kadhaa huathirika kwa pamoja.

3.0 Tofauti Zinazoonekana Mara kwa Mara

Tofauti inayofahamika zaidi ni kupinda kwa ukuta wa kati wa pua. Nyingine ni konka ya kati yenye hewa ndani yake, konka iliyojikunja kinyume, na kijumba cha Haller kilicho chini ya tundu la jicho. Kijumba cha Onodi, kilicho nyuma, huweza kupakana na mshipa wa fahamu wa jicho.

4.0 Uhusiano na Dalili

Kinadharia, tofauti kubwa inaweza kubana njia ya ute. Hata hivyo, utafiti wa Bolger na wenzake uliochapishwa mwaka 1991, uliochunguza picha za CT za watu 202, ulibaini kuwa tofauti hizo zilikuwa za kawaida hata kwa waliopigwa picha kwa sababu zisizohusiana na sainasi. Aidha, umbile la mfupa halibadiliki kwa msimu. Dalili zinazozidi wakati wa vumbi na kupungua mvua zinaponyesha huelekeza zaidi kwenye uvimbe wa utando kuliko kwenye mfupa.

Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 (EPOS) hauutambui ugonjwa sugu wa sainasi kwa umbile. Kwa mtu mzima, hutakiwa dalili mbili au zaidi kwa wiki 12 au zaidi, mojawapo ikiwa kuziba kwa pua au kutoka kamasi. Nyingine ni maumivu ya uso na kupungua kwa uwezo wa kunusa. Dalili hizo huthibitishwa kwa kuchungulia ndani ya pua kwa kamera au kwa picha ya CT. Kipimo cha Lund na Mackay, chenye alama 0 hadi 24, huhesabu kiasi cha kuziba kwa sainasi, si idadi ya tofauti za kimaumbile.

5.0 Maana Yake kwa Huduma

Kwa mgonjwa wa Isevya, swali hili linagusa mfuko na usalama wake. Historia ya dalili ndiyo ya kwanza, ikifuatiwa na kusafisha pua kwa maji ya chumvi na dawa ya kupuliza ya kupunguza uvimbe. Picha ya CT hufaa zaidi pale tiba hiyo inaposhindwa. Dalili za upande mmoja huhitaji uangalifu: kamasi lenye harufu mbaya huweza kutokana na jino la juu, na damu inayojirudia huhitaji kuchunguzwa kama kuna uvimbe. Jicho linalovimba au kupungua uwezo wa kuona ni dharura.

Upasuaji ukiamuliwa, tofauti za kimaumbile hupata uzito wake halisi. Mpasuaji asiyekitambua kijumba cha Onodi anaweza kumpofusha mgonjwa.

6.0 Hitimisho

Tofauti za kimaumbile ni ramani ya pua, si utambuzi wa ugonjwa. Ripoti ya picha inapaswa kuzitaja, na daktari anapaswa kuzipima kwa dalili, muda wake na hali ya utando kabla ya kuamua tiba.