Masharti ya Mkopo Yanapofika Dirisha la Hospitali

Katika jumuiya ndogo ndogo tumezoea mchango wa mgonjwa: fulani amelazwa, bili imemshinda, kila familia itoe chochote. Tunatoa kwa moyo. Ni mara chache tunajiuliza bili hiyo ilianzia wapi. Sehemu ya jibu iko mbali na hospitali, katika mikataba ya mikopo.

Nchi iliyoishiwa fedha za kigeni hukimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF, na Benki ya Dunia. Mkopo hutolewa kwa awamu, na awamu hufuata masharti. Hakuna sharti linalosema "fungeni zahanati". Masharti husema: punguzeni matumizi, zuieni mishahara ya serikali isiongezeke, shusheni thamani ya sarafu. Lakini sarafu ikishuka, dawa zinazoagizwa nje hupanda bei. Ajira zikisitishwa, muuguzi akistaafu hapatikani wa kushika nafasi yake. Bajeti ikibanwa, mgonjwa huambiwa achangie.

Hapa Tanzania, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure kwa miaka mingi. Uchumi ukayumba kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera na udhaifu wa sera zetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alivutana na IMF kwa miaka kadhaa kuhusu masharti yake. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, makubaliano yalifikiwa. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka wa sera uliohimiza nchi zinazoendelea kuwatoza wagonjwa ada. Mwaka 1993 Tanzania ilianza uchangiaji, kuanzia hospitali kubwa.

Tuwe wa haki: waliotetea ada walikuwa na hoja. Matibabu ya bure yasiyo na dawa hayamponyi mtu. Sera pia iliweka misamaha, ikiwemo kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini ada ndogo machoni pa mpanga bajeti ni kubwa kwa asiye na kitu, na msamaha usiojulikana haumsaidii anayeustahili.

Kenya ilionyesha jambo hili wazi. Ada zilianza Desemba 1989. Katika kliniki ya umma ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, na wanawake hadi asilimia 65. Hawakuwa wamepona. Walibaki na ugonjwa nyumbani, tena wakati UKIMWI ukienea, na magonjwa hayo hurahisisha maambukizi yake. Ada hizo zilisitishwa mwaka 1990, kisha zikarudishwa kwa hatua. Uganda nayo ilipofuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, wagonjwa waliongezeka sana, hasa maskini. Ndipo ikaonekana ni wangapi waliokuwa wamezuiwa na dirisha la malipo.

Kanisa halikukaa kimya. Mwaka 1994, katika barua yake ya kuandaa Jubilei ya mwaka 2000, Papa Yohane Paulo II alikumbusha Jubilei ya Walawi 25 na kuomba madeni ya nchi maskini yapunguzwe sana, au hata yafutwe. Papa Fransisko alirudia ombi hilo katika hati ya kutangaza Jubilei ya 2025.

Deni halali hulipwa, na nchi inayokopa ina wajibu wa kutumia vizuri. Lakini mkataba unaomfanya mama aogope kumpeleka mtoto hospitali umekosea mahali. Basi, bajeti ya taifa inaposomwa, tusikilize mambo mawili: kiasi gani kinalipa madeni, na kiasi gani kinakwenda kwenye afya. Na bahasha ya mgonjwa inapozunguka katika jumuiya, tuulize pia kama mgonjwa huyo ana haki ya msamaha ambao hakuna aliyemwambia.