Tiyo Ipimwe kwa Maji, Si kwa Upepo



Katika viwanda vyetu vya Kolwezi hakuna shaba bila tiyo. Kiwanda cha Luilu kilianza kazi mwaka 1960, na humo shaba na kobalti hutolewa kwa asidi na umeme. Kando ya tiyo za asidi kuna za maji, za mvuke na za upepo wa kompresa. Tiyo ikiwa mpya, au ikitengenezwa upya, lazima ipimwe kabla ya kuanza kazi.

Wengi wanafikiri hatari inaanza siku tiyo inapofunguliwa. Sivyo. Saa ya kupima ni saa ya hatari, kwa sababu tunaitia nguvu kupita ile itakayobeba siku zote.

Nguvu kiasi gani?

Tiyo ya kufanya kazi kwa bar 10, kwa kawaida hupimwa kwa maji hadi bar 15. Bar 10 ni karibu kilo 10 juu ya kila sentimita ya mraba. Basi sahani ya chuma inayoziba tiyo yenye upana wa sentimita 20 inasukumwa kwa tani 3 na zaidi. Kwa bar 15 inakaribia tani 5. Hakuna kifua cha mtu kinachoweza kuizuia ikiruka.

Kwa nini maji?

Maji hayakubali kubanwa. Tiyo ikipasuka yanamwagika, na nguvu inaisha mara moja. Upepo unabanwa na kungoja. Kwa bar ileile, katika tiyo ileile, upepo unaweka nguvu zaidi ya mara 1000 kuliko maji. Wanaopakia makala juu ya baisikeli wanajua kishindo cha mpira ukipasuka. Fikiri mpira huo ni wa chuma, na urefu wake ni wa kiwanda.

Tunajua sababu ya kupenda upepo: kompresa iko karibu, na maji lazima yaletwe, kisha yatolewe. Lakini kupima kwa upepo si uamuzi wa ekipi inayotaka kumaliza mapema. Ni injinia anayeamua, kwa maandishi, pale maji yasipowezekana.

Wakati wa kupima

1. Angalia vishikizo vya tiyo kwanza. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja.
2. Jaza maji polepole, robine ya juu ikiwa wazi, mpaka upepo wote utoke.
3. Funga njia kwa kamba. Asiye na kazi hapo aondoke.
4. Usisimame mbele ya sahani ya kuziba.
5. Pandisha nguvu kwa hatua, ukisoma manometa.
6. Usikaze buloni tiyo ikiwa na nguvu. Shusha hadi sifuri, ndipo utengeneze.

Kidonda kidogo kinachodanganya

Usitafute tundu kwa mkono. Mchirizi mwembamba unaweza kupita ngozi kama sindano. Kwa nje utaona alama ndogo, damu kidogo, pengine bila maumivu makali. Ndani, maji machafu, mafuta au upepo umeingia katikati ya nyama na mishipa. Baada ya saa chache mkono unavimba, na aliyechelewa anaweza kupoteza kidole, hata mkono.

Kwa hiyo njoo hospitali saa ileile, si kesho. Usikande, usifunge kwa nguvu. Tuambie mambo matatu: ni kitu gani kilikuwa ndani ya tiyo, bar ngapi, na saa ngapi. Muuguzi asiyeambiwa anaweza kuona mkwaruzo tu.

Vilevile, usijipanguse vumbi kwa upepo wa kompresa. Unaumiza jicho na sikio, na unaweza kuingia mwilini kupitia kidonda.

Mama, baba akirudi na tundu dogo mkononi akasema «si kitu», usimwache alale. Mlete usiku huohuo.

Na wewe, ndugu, kabla ya kusogea karibu na tiyo inayopimwa, uliza: ndani kuna maji au upepo? Kama hakuna anayejua, kaa mbali.