Mapenzi Juu ya Ardhi ya Wazazi: Njoroge na Mwihaki

Swali kuhusu mapenzi katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Weep Not, Child (1964), huwafurahisha watahiniwa wengi. Mtahiniwa hulisoma mara moja, kisha huandika kurasa mbili kuhusu mvulana maskini na msichana wa tajiri waliopendana, baba zao wakakosana, mapenzi yakavunjika. Nimesahihisha majibu mengi ya aina hiyo. Hayana uongo ndani yake, ila yameacha nje jambo linaloyabeba mapenzi hayo tangu mwanzo hadi mwisho: shamba.

Kabla ya kuandika lolote kuhusu Njoroge na Mwihaki, jiulize: nani anaishi kwenye ardhi ya nani? Ngotho, babake Njoroge, ni muhoi, yaani mtu aliyeruhusiwa kukaa kwenye ardhi ya mwingine. Ardhi anayokaa ni ya Jacobo, babake Mwihaki, Mwafrika aliyeruhusiwa kukuza pareto. Mchana Ngotho huenda kufanya kazi ya kibarua katika shamba la Bwana Howlands, mlowezi Mzungu, na shamba hilo ndilo lililokuwa la mababu zake Ngotho. Kwa hiyo Njoroge anampenda binti wa mwenye ardhi, naye hana hata kipande cha kusimamia. Ukishalielewa hilo, fuata mapenzi yao katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ni utotoni. Kabla ya kuanza shule, Njoroge anamwona Mwihaki njiani, anaaibikia kipande cha nguo alichovaa na kumkwepa. Bado ni mtoto, lakini tayari anajua tofauti ya boma lao na la kina Mwihaki. Shuleni tofauti hiyo inapungua, kwani wanafunzi wenzake wanapomsumbua siku ya kwanza, Mwihaki ndiye anayemtetea. Elimu inakuwa uwanja pekee ambapo hakuna muhoi wala mwenye shamba.

Hatua ya pili ni mgomo. Jacobo analetwa kuwasihi wafanyakazi warudi kazini, Ngotho anashindwa kujizuia na kumshambulia. Matokeo yake Ngotho anapoteza kazi, na familia yake inafukuzwa kwenye ardhi ya Jacobo. Nganga, fundi seremala, ndiye anayewapa mahali pa kujenga. Watoto wawili waliokuwa majirani sasa wametenganishwa, ingawa wao wenyewe hawajakosana kwa neno lolote.

Hatua ya tatu ni likizo, na hapa ndipo watahiniwa wengi huruka. Mwihaki anarudi nyumbani kutoka shule ya bweni wakati wa Hali ya Hatari. Wanakutana, wanaenda kanisani pamoja, kisha Njoroge anafika nyumbani kwa kina Mwihaki. Jacobo, ambaye sasa ni chifu, anazungumza naye kwa upole kuhusu masomo. Baadaye vijana hao wanaketi mlimani, na Mwihaki anapendekeza waondoke, waende mbali hadi mambo yatulie. Njoroge anakataa. Ana imani na elimu na kesho iliyo bora, tena anahisi ana wajibu kwa jamaa yake.

Hatua ya nne ni mwisho. Boro, kakake Njoroge, amemuua Jacobo na Howlands. Ngotho amekufa kutokana na mateso baada ya kukiri kosa ambalo hakulitenda, na Njoroge ameondolewa Siriana. Sasa ni Njoroge anayemwomba Mwihaki watoroke, waende Uganda. Safari hii Mwihaki ndiye anayekataa. Anampenda, lakini mamake amebaki mjane na hawezi kumwacha.

Linganisha hatua hizo mbili za mwisho. Ombi ni lile lile, ila mwombaji na mkataaji wamebadilishana nafasi. Kila mmoja anataka kukimbia wakati mwenzake anaona kuwa hawezi. Usiandike kwamba Mwihaki alimwacha Njoroge. Andika kwamba wajibu kwa jamaa uliwafunga wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Hoja hiyo, ikithibitishwa kwa matukio yote mawili, ndiyo inayomtofautisha mtahiniwa aliyeisoma riwaya na aliyeusoma muhtasari.

Je, ni chuki ya wazazi iliyoyavunja mapenzi haya? Tazama tena. Jacobo hamfukuzi Njoroge anapomtembelea, na Ngotho anajivunia masomo ya mwanawe. Kilichowaangusha ni kikubwa kuliko hasira ya mzee mmoja. Mlowezi alichukua ardhi, akamruhusu Mwafrika mmoja afaidike, akamfanya mwingine kibarua. Wazee walirithi mgogoro huo, nao vijana wakaulipia.

Swali la mfano: "Mapenzi ya Njoroge na Mwihaki ni kioo cha mgogoro wa ardhi." Thibitisha. (alama 20)

Unapolijibu, kila hoja iwe na mambo matatu: tukio, mahali linapotokea, na jinsi mahali hapo panavyohusiana na umiliki wa ardhi. Usisimulie hadithi nzima, kwani mtahini anaijua. Kisha malizia kwa kumrejelea Njoroge baada ya jaribio lake la kujinyonga: mamake anamtafuta gizani, anampata, naye anarudi pamoja naye nyumbani. Anajiona mwoga, lakini anakimbia mbele kuwafungulia mama zake wawili mlango. Hana shamba, hana shule wala mchumba. Kuna watu waliobaki wa kuwafungulia mlango, na huo ndio wajibu ule ule Mwihaki aliokataa kuukimbia.