MNYOO ALIYELETWA KAMA DAWA

Ndugu msomaji, bila shaka unamjua konokono mkubwa anayetafuna mboga na miche wakati wa mvua. Asili yake ni Afrika Mashariki. Watu walimchukua mpaka Asia na visiwa vya bahari ya Pasifiki, na huko akawa adui wa mashamba.

Ili kumwangamiza, wakatafuta mnyama wa kumla. Walimpata mnyoo bapa kutoka kisiwa cha New Guinea, ambaye wataalamu humwita Platydemus manokwari. Mwaka 1981 aliachiwa makusudi katika kisiwa cha Bugsuk, Ufilipino. Kwingine aliingia mwenyewe, amejificha katika udongo wa miche.

Mnyoo huyu ana urefu wa sentimita 4 hadi 6, na ni mwembamba kama utepe. Mgongo wake ni mweusi, una mstari mweupe katikati. Mdomo hauko kichwani bali tumboni. Hapo hutoa mrija mweupe, huuingiza ndani ya ganda la konokono na kumla. Hana tundu la haja. Mabaki hutoka kwa mdomo ule ule. Hana mapafu; hupumua kwa ngozi, kwa hiyo hupenda mahali penye unyevu. Kila mmoja ni dume na jike pia. Ukimkata, vipande huweza kuwa minyoo wazima.

Je, dawa hii ilifaa? Konokono wakubwa walipungua mahali pengi. Lakini mnyoo hakuchagua. Alikula pia konokono wadogo wa asili wasio na hatia. Katika kisiwa cha Chichijima, Japani, konokono hao karibu wamekwisha.

Tena ameongeza njia ya ugonjwa. Panya huwa na minyoo mapafuni. Watoto wa minyoo hao hutoka katika mavi ya panya, huingia ndani ya konokono, na mnyoo bapa akimla konokono huwabeba. Huko Okinawa, Japani, amekutwa nao. Mtu akila mboga mbichi yenye konokono mdogo au kipande cha mnyoo huyu, watoto hao huweza kufika ubongoni. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa na kutapika.

Basi, ndugu msomaji, fanya hivi:

1. Osha mboga jani moja moja kwa maji safi, kisha uzipike.
2. Usile konokono asiyeiva.
3. Watoto wasichezee konokono. Wakimshika, wanawe kwa sabuni.
4. Angamiza panya nyumbani na ghalani.
5. Ukiona dalili hizo, nenda zahanati mara moja. Usingoje kesho.

Sisi waganga wa zahanati tumefundishwa kumpima mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Mnyama wa kigeni naye ni dawa: achunguzwe kwanza. Akishaachiwa shambani, hakuna wa kumrudisha.