Uzi Kabla ya Nguo

Mtu asimamapo dukani mbele ya jora la nguo, aghalabu macho yake huvutwa kwanza na rangi na nakshi, kisha mkono hupapasa kitambaa kuujua uzito wake, na mwisho huulizwa bei. Ni nadra akaufikiria uzi, ilhali katika safari yote ya pamba, tangu shambani hata mwilini, hapakuwa na kazi iliyowala wanadamu saa nyingi kuliko ile ya kuusokota.

Pamba iliyochumwa na kuanikwa sharti kwanza itengwe na mbegu zake, nayo ikishachambuliwa hubaki kama theluthi moja tu ya uzito wake wa awali; kisha hupigwa ikafumuka, ikachanwa ili nyuzi zake zilale upande mmoja, ndipo msokotaji aanze kuivuta kidogo kidogo huku akiipota. Unyuzi mmoja wa pamba una urefu wa kama sentimita tatu, na peke yake haufai kufungia hata kifurushi cha bizari. Walakini umeumbwa mithili ya utepe uliojipinda, hivyo nyingi zikipotwa pamoja hung'ang'aniana zikawa uzi wa kutegemewa.

Watu wa pwani yetu waliijua sanaa hiyo zamani. Kilwa wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, navyo vilikuwa vizito vya vijiti vya kusokotea. Na msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji ule zilisafirishwa hadi Misri. Mfumaji wa Banadir, pwani ya mji huo wa Mogadishu, alikaa ukingoni mwa shimo, miguu yake ikikanyaga chini, nusu ya nyuzi za mtande zikainuka na nusu zikashuka, mshindio ukapitishwa baina yake na kushindiliwa; na mtande wenyewe ulikuwa umekwisha kupakwa wanga, kwani bila hivyo ungekatika kwa msuguano.

Kusini zaidi, Sofala, walikuwa na hila ambayo mimi naihesabu kuwa ustadi hasa. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, asema kwamba wafumaji wa huko, kwa kukosa rangi, walizifumua nguo za buluu zilizoletwa kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazichanganya nyuzi zake na uzi wao mweupe, wakafuma nguo mpya. Kisiwani Pate nako hariri ya ng'ambo ilifumuliwa na kufumwa upya kwa namna iliyowapendeza wenyeji.

Basi ni nini kilichoidhoofisha kazi hii? Wengi hujibu kuwa ni merikani, ile nguo nzito isiyong'arishwa ambayo wafanyabiashara wa Salem, mji wa Marekani, waliimwaga Unguja, hususan baada ya Sultani Sayyid Said kufanya mkataba na Marekani mwaka 1833, hata ikawa bara hulipwa kwa shuka na doti kama kwa fedha. Jawabu hilo ni sahihi, ila ni nusu. Mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa ili kitanda chake cha kufumia kisilale njaa. Na Richard Arkwright alipopewa hataza ya mashine yake ya kusokota mwaka 1769 huko Uingereza, aliyeshindwa kwanza alikuwa msokotaji wa mkono, si mfumaji. Ushahidi ni Banadir yenyewe: kufuma kuliendelea huko hata karne ya 20, lakini kwa uzi wa viwandani ulionunuliwa ng'ambo.

Kwetu Tanzania, kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikusanya mahali pamoja kusokota, kufuma na kupiga chapa, na huo ulikuwa mpango wenye akili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania ingali yauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, marobota kwa marobota, nasi tukainunua tena ikiwa kitenge. Serikali na wenye mitaji wanaotaka kuifufua kazi ya nguo nchini, na waanze kwa mashine za kusokota, kabla hawajafikiria zile za kupigia chapa.