Mkate na Chumvi

Nchi ya Urusi ni kubwa kupita nchi zote za dunia, nayo iko kaskazini, penye baridi kali. Miezi mingi ardhi hufunikwa na theluji, na maji ya mito huwa magumu kama mawe, hata watu huivuka kwa miguu. Huko hakuna mashamba ya muhogo wala migomba. Chakula cha asili cha wakulima ni mkate mweusi, ufanywao kwa unga wa nafaka iitwayo rai, iliyo jamaa ya ngano. Nafaka hiyo hupandwa kabla ya majira ya baridi. Huota, ikalala chini ya theluji kama mtu aliyejifunika blanketi, kisha huvunwa wakati wa joto.

Nyumba za wakulima wa zamani zilijengwa kwa magogo, na ndani yake mlikuwa na tanuru kubwa. Tanuru hiyo ilioka mkate, ikapika uji na supu ya kabeji, ikatia joto nyumbani, na usiku wazee na watoto walilala juu yake. Mabaki ya mkate hayakutupwa. Yalitiwa maji na chachu, yakawa kinywaji kiitwacho kvas.

Mgeni wa heshima akija, au bwana na bibi arusi wakiingia nyumbani, hulakiwa kwa mkate wa mviringo juu ya kitambaa kilichotariziwa, pamoja na kibakuli cha chumvi. Mgeni humega kipande, akachovya chumvini, akala. Zamani chumvi ilikuwa ghali, kwa hiyo kumpa mgeni chumvi kulikuwa kumpa kitu cha thamani. Sisi husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Warusi husema kwamba mkate ni kichwa cha kila kitu.

Hata hadithi zao hutaja mkate. Bibi mmoja alikung'uta unga wa mwisho, akaoka mkate mdogo wa mviringo, jina lake Kolobok. Mkate ukatoroka, ukabingirika njiani, ukawaponyoka sungura, mbwa mwitu na dubu, huku ukiimba kwa majivuno. Mbweha akausifu sana wimbo wake, akauomba usogee karibu. Ulipokaribia, akaumeza.

Lakini liko jambo la kweli lipitalo hadithi. Mwezi wa Septemba 1941, katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji wa Leningrad, ambao sasa huitwa Saint Petersburg. Mji haukufunguliwa kabisa hata Januari 1944. Tangu tarehe 20 Novemba 1941, kwa muda wa majuma kama matano, mtoto alipewa gramu 125 tu za mkate kwa siku, nao ulichanganywa na makapi na vitu vilivyotokana na miti. Watu mamia ya maelfu walikufa kwa njaa.

Mjini humo palikuwa na nyumba ya elimu ya mimea, ambamo Nikolai Vavilov na wenzake walikuwa wamekusanya mbegu za dunia nzima, hata za Uhabeshi, alikofika mwenyewe. Vavilov alikamatwa na serikali yake mwaka 1940, akafa gerezani mwaka 1943. Wenzake wakabaki kuzilinda mbegu. Palikuwa na mpunga, ngano, mahindi na karanga, nao walikuwa na njaa, wala hawakuzila. Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, alikufa kwa njaa, na mpunga wake ukabaki salama. Alexander Shchukin, mtunzaji wa karanga, alifia mezani pake.

Kwa nini hawakula? Walijua kwamba vita vitakwisha, na siku hiyo mashamba yatahitaji mbegu. Alaye mbegu hushiba leo, lakini kesho hana cha kupanda. Basi, wanafunzi, mwonapo kipande cha mkate au konzi ya mbegu, msikidharau.